MHESHIMIWA AHMED KHALIF: SAUTI YA WAJIR BUNGENI

 

Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama alitutaka tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyeaga dunia zamani. Wenzangu walikimbilia majina makubwa. Kuna aliyemchukua Mwalimu Julius Nyerere, kuna aliyemchukua Jaramogi Oginga Odinga, na jirani yangu wa dawati alimchagua Edward Kennedy, aliyekaa katika Seneti ya Marekani tangu mwaka 1962 mpaka alipofariki mwaka 2009. Miaka karibu 47 katika kiti kimoja! Darasa zima lilishangaa. Mimi nilirudi nyumbani Tarbaj mikono mitupu, nikijiuliza kama sisi watu wa huku hatuna hata mmoja wa kuandikwa.

Jioni hiyo nilimkuta bibi yangu, ambaye sisi humwita ayeyo, akichambua mchele nje ya nyumba. Nikamwuliza ni mbunge gani wa Wajir ambaye yeye hawezi kumsahau. Hakufikiri sana, akamtaja Ahmed Khalif. Nikamwuliza kwa nini. Akasema kwamba ndiye aliyesema habari za mwaka 1984. Nilipotaka anieleze habari zenyewe, alinyamaza, kisha akanituma maji ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Hapo nikajua nimepata mtu wangu.

Ahmed Mohamed Khalif alikuwa mbunge wa Wajir Magharibi. Ili msomaji aelewe uzito wa kazi yake, lazima kwanza nieleze hali ya sehemu zetu siku hizo. Kabla ya uhuru, huku kwetu kulikuwa chini ya wilaya za mpakani wa kaskazini, na mtu hakuweza kuingia wala kutoka ovyo bila kibali. Mwaka 1962 Waingereza walileta tume kuwauliza wenyeji wanataka nini, na Wasomali wengi walisema wanataka kuungana na Somalia. Hilo halikufanyika. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, vita vya Shifta vilikuwa vimeanza, na sehemu yetu ikawekwa chini ya sheria za hali ya hatari. Vita vilitulia mwaka 1967 baada ya viongozi wa Kenya na Somalia kukubaliana mjini Arusha. Lakini zile sheria hazikuondoka pamoja na vita. Ziliendelea kutukalia mpaka mwaka 1991. Maana yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa siku ya uhuru alifikisha miaka 27 bila kuonja uhuru waliokuwa nao wenzake wa Nyeri au Kakamega.

Na si hayo tu. Mwezi wa Juni 1982 Katiba ilibadilishwa, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria, nacho ni KANU. Agosti mwaka huohuo wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali ya Rais Daniel arap Moi wakashindwa. Baada ya hapo kila mtu alichunga ulimi wake. Mbunge akifukuzwa kutoka KANU alipoteza kiti chake, kwani hakukuwa na chama kingine cha kukimbilia. Kwa hivyo wabunge wengi waliona heri kusifu na kupiga makofi. Katika hali kama hiyo ndipo Mheshimiwa Khalif alipokuwa Bungeni akiwakilisha watu wa mbali, wafugaji wa ngamia na mbuzi, ambao Nairobi wengi hawakuwajua.

Sasa nifike mwaka 1984. Tarehe 10 Februari mwaka huo, maafisa wa usalama walianza msako mkubwa katika wilaya ya Wajir. Ilisemekana wanatafuta bunduki zisizo halali, kwa sababu kulikuwa na mapigano ya koo. Wanaume walikusanywa kutoka mjini na manyattani, wakapelekwa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, nje ya mji wa Wajir upande wa magharibi. Huko waliwekwa juani siku kadhaa, wakavuliwa nguo, bila chakula wala maji. Ninyi mnaosoma hapa Tarbaj mnalijua jua la Februari. Mwalimu akichelewesha kengele ya saa saba tunalalamika, na sisi tuko chini ya mabati. Wengi walikufa pale kwa kiu na kwa mateso, na wengine walipigwa risasi walipojaribu kukimbia.

Habari hizi hazikutangazwa. Redio iliyokuwepo ilikuwa ya serikali, na magazeti hayakufika huku kirahisi. Mama mmoja kutoka Italia, Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir, alisaidia kuokota majeruhi na kuzika maiti. Baadaye alilazimika kuondoka Kenya. Basi ungetarajia jambo lenyewe lizikwe pamoja na wale maiti.

Lakini halikuzikwa, kwa sababu Ahmed Khalif alisimama Bungeni mwaka huohuo akalisema. Alisema watu wake wameuawa, na idadi aliyoitaja ilifika mamia. Wanafunzi wenzangu, hebu fikirini. Anayeulizwa ni serikali, anayeuliza ni mtu mmoja kutoka wilaya iliyo chini ya sheria za hali ya hatari, na chama ni kimoja tu. Angeweza kukaa kimya akala mshahara wake, na hakuna mtu wa Nairobi ambaye angemlaumu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alikataa kuyaficha.

Serikali ilijibu kwamba waliokufa ni watu 57. Khalif hakukubali, wala watu wa Wajir hawakukubali. Lakini ninataka tulitazame jibu hilo kwa makini. Kabla ya kuulizwa, nchi haikuwa imeambiwa lolote. Baada ya kuulizwa, serikali ilikiri, tena ndani ya Bunge ambamo kila neno huandikwa katika kumbukumbu rasmi, kwamba watu walikufa Wagalla. Hesabu ilikuwa ndogo, lakini mlango ulikuwa umefunguka, na haukuweza kufungwa tena. Ndiyo maana mimi nasema kazi ya mbunge si kuleta visima na barabara peke yake, ingawa hizo pia tunazitaka sana. Kazi yake nyingine ni kuhakikisha kwamba jambo lililotokea limeandikwa mahali ambapo haliwezi kufutwa.

Mheshimiwa Khalif hakuwa mtu wa siasa za Wajir pekee. Kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya, SUPKEM, na kwa cheo hicho alizungumza kwa niaba ya Waislamu wa pwani, wa bara na wa kaskazini. Hizo zilikuwa nyakati ngumu. Mwaka 1989 serikali ilianza kuwachuja Wakenya wa asili ya Kisomali, watu wazima wakapangwa foleni kuthibitisha kwamba ni Wakenya, na waliopita wakapewa kadi nyingine juu ya kitambulisho cha kawaida. Mpaka mwaka 2025, kaka zetu walipokwenda kuomba kitambulisho waliulizwa maswali mengi kuliko vijana wa sehemu nyingine, kwa hivyo msidhani ninasimulia hadithi za kale tu.

Wala msidhani alikaa Bungeni raha mustarehe kama yule seneta wa jirani yangu. Siasa za Kenya zina kupanda na kushuka. Kuna wakati kiti cha Wajir Magharibi kilikuwa cha mtu mwingine, kwa mfano kuanzia uchaguzi wa 1997 hadi ule wa 2002. Hakukata tamaa. Katika uchaguzi wa Desemba 2002, ule ulioiondoa KANU madarakani, watu wa Wajir Magharibi walimrudisha. Rais Mwai Kibaki alipounda serikali ya NARC, alimteua kuwa Waziri wa Leba. Nyumbani watu walifurahi, maana mtu aliyewahi kuiuliza serikali maswali magumu sasa alikuwa amekaa ndani ya serikali yenyewe.

Lo! Furaha hiyo haikudumu hata mwezi. Tarehe 24 Januari 2003 mawaziri kadhaa walikuwa Busia, magharibi ya Kenya, kwa sherehe ya kumkaribisha nyumbani mwenzao Moody Awori. Jioni ndege yao ilipokuwa ikipaa kurudi Nairobi, iligonga nyaya za umeme karibu na kiwanja ikaanguka. Marubani wawili walifariki, na Mheshimiwa Khalif akafariki. Mawaziri wengine waliokuwemo, miongoni mwao Martha Karua na Raphael Tuju, waliumia lakini walinusurika. Mtu aliyewasemea waliokufa kwenye kiwanja cha ndege naye alikutwa na mauti kando ya kiwanja cha ndege. Sisi Waislamu husema ajali haina kinga na kila nafsi itaonja mauti. Annalena Tonelli naye aliuawa kwa risasi huko Borama mwezi wa Oktoba mwaka huohuo wa 2003.

Mengi yalikuja baada yake. Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuja Wajir, na wazee na akina mama waliokuwa wamenyamaza zaidi ya miaka 25 walisimama wakatoa ushahidi. Mwezi wa Mei 2013 tume ilitoa ripoti yake ikasema kwamba Wagalla kulikuwa na mauaji ya halaiki, na kwamba waliokufa huenda wakakaribia elfu moja. Hebu linganisheni na zile 57. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa dhuluma zilizopita nchini. Tangu uchaguzi wa 2013 Seneti imerudi, ile iliyokuwepo mwaka 1963 ikavunjwa 1966, na kaunti ya Wajir ina seneta wake. Tarbaj pia imekuwa eneo bunge lenye mbunge wake. Khalif hakuyaona hayo yote. Lakini tume haikuanzia gizani. Ilikuta jambo limeshatamkwa Bungeni tangu 1984.

Nilipomaliza kuandika, nilimsomea ayeyo makala hii, nikiitafsiri kwa Kisomali mstari kwa mstari, kwani yeye hakusoma shule. Nilipofika kwenye Wagalla alinizuia kwa mkono, nikadhani atanikataza kuichapisha. Kumbe alitaka kuniambia kuhusu jina moja ambalo mimi nimelisikia katika dua zake tangu utotoni bila kujua ni la nani. Ni la kaka yake, aliyekwenda Wajir kuuza mbuzi mwezi ule wa Februari asirudi. Kaburi lake halijulikani. Ayeyo alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na mtoto huyo ndiye baba yangu. Baba mwenyewe alilisikia jambo hili kwa mara ya kwanza usiku huo, akiwa amekaa na sisi, kikombe cha chai mkononi.

Wenzangu, ombi langu kwenu ni dogo. Likizo hii kila mmoja akae na mzee wa nyumbani kwake, amwulize, na aandike kwenye daftari. Wazee wa mwaka 1984 wanapungua. Mheshimiwa Khalif alisema yaliyomhusu akiwa na kipaza sauti cha Bunge. Sisi tuna kalamu na daftari la kurasa 96, na hizo zinatosha kuanzia.

 Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na wote waliotangulia.