Wangari Maathai: Miche saba ya Kamukunji iliyozaa msitu

Mnamo Juni 5, 1977, Siku ya Mazingira Duniani, msafara uliondoka katika jumba la KICC jijini Nairobi ukaelekea uwanja wa Kamukunji, ulio jirani na mitaa ya Shauri Moyo na Majengo huko Eastlands. Hapo ilipandwa miti saba ya kuwaenzi mashujaa saba wa jamii mbalimbali za Kenya, miongoni mwao Mekatilili wa Menza, Waiyaki wa Hinga, Nabongo Mumia na Gor Mahia. Aliyebuni shughuli hiyo, kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake, alikuwa Profesa Wangari Maathai.

Marehemu alizaliwa Aprili 1, 1940, katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alisomea biolojia nchini Marekani, na mwaka wa 1971 akatunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kufikia kiwango hicho.

Hata hivyo, elimu hiyo haikuinusuru miche ya Kamukunji. Kati ya miti ile saba, mitano ilikauka, ikabaki miwili tu. Uwanja ule ulikuwa wa watu wote, na cha wote aghalabu hakina mlezi. Kupanda ni kazi ya siku moja mbele ya wageni waalikwa. Kumwagilia maji na kuzuia mifugo ni kazi ya miaka.

Funzo hilo ndilo lililolijenga Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Wanawake wa vijijini walianzisha vitalu vyao wenyewe, wakiotesha mbegu za kienyeji katika makopo na vyungu vilivyovunjika, ijapokuwa baadhi ya wataalamu wa misitu walishikilia kuwa kazi hiyo yahitaji stashahada. Malipo yao, japo kidogo, hayakutolewa kwa mche uliopandwa bali kwa mche ulioishi. Kufikia mwaka wa 2004, Maathai alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata, vuguvugu hilo lilikuwa limepanda zaidi ya miti milioni 30.

Njia yenyewe ilikuwa na miiba. Mwaka wa 1989 alipinga ujenzi wa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru, na mpango huo hatimaye ukatupiliwa mbali. Januari 1999 alijeruhiwa kichwani akitetea msitu wa Karura dhidi ya wanyakuzi wa ardhi. Mwaka wa 2002 wakazi wa Tetu walimchagua kuwa mbunge wao, na baadaye akawa waziri msaidizi wa mazingira.

Alifariki Septemba 25, 2011, kwa maradhi ya saratani. Kwa kuwa alikuwa ameusia asizikwe katika jeneza la mbao, aliandaliwa jeneza la mianzi, mafunjo na magugu-maji. Baada ya mazishi ya kitaifa katika bustani ya Uhuru mnamo Oktoba 8, mwili wake ulichomwa Kariokor, mwendo mfupi kutoka Kamukunji.

Mitaa ya Eastlands ingali yahitaji vivuli. Kila msimu wa mvua miche hutolewa na picha kupigwa. Swali aliloliacha Maathai ni jepesi kulitamka, zito kulijibu: nani atakayeimwagilia maji kiangazi kikifika?