Ladi Kwali na mtungi uliokwenda maonyesho

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapana shaka aliyeitunga methali hiyo hakuwa mfinyanzi. Mimi nimezungumza na wafinyanzi, wasusi na wachongaji katika maonyesho mengi hapa nchini, na wote wameniambia kwamba hata kizuri hakina budi kutembezwa, na kwamba safari hiyo humbadilisha mwenye kazi na kazi yenyewe. Ndiyo maana leo nataka tumtazame bibi mmoja aliyevuka bahari pamoja na mitungi yake, marehemu Ladi Kwali wa Nijeria.

Bibi huyu alizaliwa mnamo mwaka wa 1925 hivi katika kijiji cha Kwali, miongoni mwa watu wa kabila la Gwari. Ladi ni jina apewalo mtoto wa kike aliyezaliwa Jumapili. Kwali ni jina la kijiji chake. Shuleni hakwenda. Alifunzwa ufinyanzi na akina mama wa ukoo wake, kwani huko, kama ilivyo kwetu pande za Nyanza, kazi hiyo ni ya wanawake. Gurudumu hawakulitumia. Fundi aliweka kamba za udongo moja juu ya nyingine, akizunguka mtungi wake kinyumenyume, kisha akaulainisha kwa kipande cha kibuyu. Ladi alipenda kuchora mijusi, nge, nyoka, mamba na samaki ubavuni mwa mitungi yake. Baadaye ilichomwa uwanjani kwa kuni na nyasi, ikapelekwa sokoni.

Mitungi hiyo ilikuwa ya maji. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili. Udongo uliochomwa kwa moto wa uwanjani hupenyeza maji kidogo kidogo, na unyevu huo ukikaushwa na upepo, maji yaliyomo ndani hupoa. Mtungi mzuri ni ule unaotoa jasho.

Emir wa Abuja, Alhaji Suleiman Barau, alikuwa na mitungi ya Ladi katika jumba lake. Abuja hiyo si mji mkuu wa leo, bali ni mji wa kale ambao sasa unaitwa Suleja. Huko ndiko mfinyanzi Mwingereza, Michael Cardew, aliyekuwa ameajiriwa na serikali ya kikoloni, alipoiona mitungi hiyo mwaka wa 1950. Baadaye alifungua kituo cha mafunzo ya ufinyanzi mjini humo, na mwaka wa 1954 Ladi akajiunga nacho, akiwa mwanamke wa kwanza.

Tangu hapo kazi yake ikabadilika. Mitungi ilipakwa maji ya udongo na majivu ambayo motoni hugeuka kama kioo, ikaingizwa katika tanuri lenye joto la karibu digrii 1,300. Ilitoka imara kama jiwe, inang'aa, wala haipenyezi tone. Mwaka wa 1958, 1959 na 1962 kazi za kituo hicho zilionyeshwa London katika Berkeley Galleries, na jina la Ladi likavuma. Lakini mtungi usiotoa jasho haupozi maji. Mnunuzi wa London hakulalamika, kwa kuwa hakuwa na nia ya kuteka maji. Alitaka pambo la sebuleni. Basi mwenye kufinyanga alikuwa yule yule, na mijusi ni ile ile, ila chombo kilikuwa kimeachishwa kazi yake ya asili.

Isitoshe, maonyesho hayakutaka vyombo tu. Yalimtaka na fundi mwenyewe. Katika miaka ya 1960 Bibi Ladi alizuru Uingereza na nchi nyingine za Ulaya akifinyanga mbele ya watu, na mwaka wa 1972 alizunguka Marekani pamoja na Cardew na Mghana, Kofi Athey. Alikuwa amekwisha kujifunza gurudumu na kulitumia kutengeneza mabakuli. Hata hivyo, watazamaji walipenda zaidi kumwona akiuzunguka mtungi kinyumenyume. Kazi ya uani ikawa ya jukwaani. Kila fundi ajua kwamba mtungi mkubwa huhitaji muda wa kukauka kabla ya kuongezwa udongo, ilhali mtazamaji hana subira hiyo.

Je, yalimfaa? Nami najibu kwamba yalimfaa. Alitunukiwa nishani ya MBE ya Uingereza. Mwaka wa 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kikampa shahada ya heshima ya udaktari. Kituo cha Abuja kilikuja kuitwa kwa jina lake, na picha yake ikawekwa kwenye noti ya naira 20. Akina mama wengine, kama Halima Audu na Asibi Ido, waliingia kituoni nyuma yake. Hata Mkenya wetu, Magdalene Odundo, alifika Abuja mwaka wa 1974 kujifunza mikononi mwa akina mama hao, naye leo ni mfinyanzi mwenye sifa duniani kote.

Wazee husema mfinyanzi hulia gaeni. Bibi Ladi, aliyefariki tarehe 12 Agosti 1984, alipewa heshima ambayo soko la kijijini lisingeweza kumpa. Gharama yake ilikuwa kwamba mteja wa mbali ndiye aliyeamua chungu kiwe cha nini. Wenzetu wanaofunga mizigo yao kwenda maonyesho na waende, lakini kabla ya kufunga waamue wenyewe ni lipi katika kazi yao wako tayari kulibadili, na ni lipi halibadiliki. Ladi aliukubali moto wa kigeni; umbo la mtungi na mijusi yake hakuvitoa.