Harry Thuku, mwana wa Kambui aliyepinga kipande

ALAMA ya kidole ambayo leo humfungulia karani kompyuta katika ofisi za Thika na Ruiru, miaka mia moja iliyopita ilimfungia kibarua njia katika mashamba ya eneo hilo hilo. Miongoni mwa waliojitokeza mapema kuipinga hali hiyo alikuwa Harry Thuku.

Thuku alizaliwa 1895 huko Kambui, Kiambu, akasomeshwa na wamishonari. Mnamo 1911 alienda Nairobi, ambako alifungwa kwa kughushi hundi. Baadaye alipanga chapa katika gazeti la walowezi, kisha akawa opereta wa simu katika Hazina ya serikali ya kikoloni.

Wakati huo sheria ya usajili ya 1915 ilikuwa imeanza kutekelezwa, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kubeba kipande, yaani cheti chenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Kilitiwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuning’inizwa shingoni.

Nguvu ya kipande ilikuwa katika sahihi ya mwajiri. Kibarua wa mkonge huko Thika, au wa kahawa huko Ruiru, hangeweza kuandikwa kazi kwingine kabla ya tajiri wake kutia sahihi kwamba amemwachilia. Aliyeondoka bila sahihi alihesabiwa mtoro na kusakwa, kwani kumbukumbu zake ziliwekwa Nairobi.

Walowezi walipokata mishahara kwa theluthi mnamo 1921, Thuku aliongoza chama cha East African Association kupinga kipande, kodi na makato hayo. Harakati hizo zilimgharimu kazi yake Hazina.

Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na ukamiminiwa risasi. Serikali ilihesabu waliouawa kuwa 21, ingawa wengine walitaja idadi kubwa zaidi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewachochea wanaume wasirudi nyuma, alikuwa miongoni mwa waliofariki.

Thuku alizuiliwa Kismayu, Lamu, Witu na Marsabit kwa karibu miaka tisa. Aliporudi alilegeza msimamo, akatengana na wanasiasa wenzake na baadaye akaipinga Mau Mau. Alifariki mwaka wa 1970 akiwa mkulima wa kahawa.

Kipande kiliondolewa na sheria ya 1947 iliyosajili watu wa rangi zote. Hata hivyo, funzo lake lingalipo. Mfumo wa kompyuta hufanya mambo mawili: humtambua mtumiaji, kisha huamua anaruhusiwa kufikia nini. Kipande kiliyafunga yote mawili katika kijaluba kimoja, na ruhusa ikaachwa mikononi mwa tajiri. Kwa hiyo, kila mtu anapoombwa kidole chake, lililo muhimu ni kujua ni nani mwenye uwezo wa kumfungia mlango, na kama anaweza kukata rufaa.