Bernhard Zondek na mwanzo wa sindano za kupevusha mayai

Mama, kama umewahi kuchovya kijiti cha kupima mimba kwenye mkojo ukasubiri mistari miwili, umenufaika na kazi ya daktari mmoja wa Ujerumani, Bernhard Zondek. Na kama wewe au binti yako mmeambiwa kwamba mayai hayapevuki na zipo sindano za kusaidia, hizo nazo zina mizizi kwenye kazi yake. Usizichanganye na sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu. Ile huzuia yai lisipevuke; hizi hulipevusha.

Zondek alizaliwa mwaka 1891 katika familia ya Kiyahudi, kwenye mji mdogo wa Wronke ambao leo uko Poland. Alisomea udaktari Berlin, akaanza kuwahudumia wanawake katika hospitali ya Charité. Wakati huo madaktari walijua kuwa mayai hutoka kwenye ovari, lakini haikujulikana ni nini kinachoziamuru ovari kufanya kazi. Mwanamke ambaye hedhi yake imesimama hakuwa na tiba ya kueleweka.

Yeye na mwenzake Selmar Aschheim walichukua vipande vya pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere iliyo chini ya ubongo, wakavipandikiza kwenye panya jike wachanga. Siku chache baadaye, panya hao ambao umri wao haujafika walikutwa na mayai yaliyopevuka. Kumbe amri hutoka kichwani! Huko Marekani, Philip Smith na Earl Engle waliona jambo hilohilo karibu wakati uleule.

Mwaka 1927 Zondek na Aschheim wakagundua kuwa mkojo wa mama mjamzito una homoni inayoziamsha ovari za panya. Hapo ndipo kilipozaliwa kipimo cha mimba cha kutegemewa: mkojo ulidungwa kwa panya wachanga, kisha ovari zao zikachunguzwa. Zondek alidhani homoni hiyo inatoka kwenye tezi ya kichwani. Alikosea, kwani baadaye ilijulikana kuwa inatoka kwenye kondo la nyuma. Ila jambo lingine aliliona sawasawa: amri za kichwani ni mbili, moja ya kukuza yai na nyingine ya kuliachilia. Tena ile ya kwanza aliikuta kwa wingi kwenye mkojo wa wanawake waliokoma hedhi. Ovari zao zimenyamaza, lakini tezi bado inaita.

Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilipoingia madarakani, alifukuzwa kazi katika hospitali ya Berlin-Spandau kwa sababu ni Myahudi. Alikwenda Sweden, kisha mwaka 1934 akahamia Jerusalem, ambako alifundisha na kutibu wanawake hadi alipostaafu mwaka 1961.

Kutoka kwenye panya hadi kwa mama haikuwa safari fupi. Homoni ya damu ya farasi wenye mimba ilijaribiwa, lakini mwili wa binadamu uliikataa. Carl Gemzell wa Sweden alitumia homoni kutoka tezi za marehemu. Njia hiyo iliachwa miaka ya 1980 ilipobainika kuwa inaweza kubeba ugonjwa wa ubongo unaoua. Iliyodumu ni ile iliyotokana na mkojo wa wanawake waliokoma hedhi. Huko Italia, Piero Donini alifanikiwa kuisafisha, na mkojo mwingi ulikusanywa kwa masista wazee katika nyumba zao za watawa. Mwaka 1962, nchini Israel, alizaliwa mtoto wa kwanza wa tiba hiyo, chini ya daktari Bruno Lunenfeld. Zondek alikuwa hai bado. Alifariki mwaka 1966 akiwa New York.

Sasa rudi kwako. Sindano hizi hufanya kazi ya ile amri ya kichwani, basi. Kama mirija ya uzazi imeziba, jambo la kawaida kwetu Afrika kutokana na maambukizi yasiyotibiwa, haziizibui. Kama tatizo liko kwenye mbegu za baba, kukuchoma wewe peke yako hakutoshi. Kwa hiyo mwenzi wako naye apimwe kabla hujatumia hela. Wengi ambao mayai yao hayapevuki huanzishiwa vidonge kwanza, na baadhi hawafiki kwenye sindano.

Ukizianza, lazima ufuatiliwe kwa ultrasaundi. Mayai mengi yakipevuka pamoja, unaweza kubeba mapacha au zaidi. Ovari pia zinaweza kuvimba kupita kiasi: tumbo likijaa ghafla, ukatapika, ukapumua kwa shida au mkojo ukapungua, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usikubali kuchomwa dukani bila vipimo, hata kwa bei nafuu.

Yai likishakomaa, mara nyingi huchomwa sindano ya mwisho ya kuliachilia. Homoni iliyomo huwa ni ileile Zondek aliyoikuta kwenye mkojo wa wajawazito, na ndiyo kijiti kinayoitafuta. Ukipima mapema mno, mistari miwili inaweza kutokea bila mimba. Subiri siku aliyokupangia daktari, kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi.