D. N. Pritt

Denis Nowell Pritt (22 Septemba 1887 – 23 Mei 1972) alikuwa wakili na mwanasiasa wa Uingereza. Katika Afrika Mashariki anakumbukwa kama kiongozi wa mawakili wa utetezi katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano iliyosikilizwa Kapenguria, Kenya, mwaka 1952 hadi 1953, na katika kesi ya Julius Nyerere iliyosikilizwa Dar es Salaam mwaka 1958. Katika kesi zote mbili wateja wake walitiwa hatiani. Hata hivyo, wote wawili baadaye walikuwa marais wa kwanza wa nchi zao, na namna Pritt alivyowatetea bado inafaa kusomwa na yeyote anayetaka kujua kazi ya wakili wa mashtaka mazito ni ipi pale mahakama yenyewe inapoelemea upande mmoja.

Maisha ya awali

Pritt alizaliwa Harlesden, sehemu ambayo siku hizi ni ya jiji la London. Alisoma katika shule ya Winchester na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1909 alikubaliwa kuwa wakili kupitia Middle Temple, mojawapo ya vyama vya kale vya mawakili wa Uingereza. Mwaka 1927 alipewa cheo cha Wakili wa Mfalme, ambacho hutolewa kwa mawakili waliobobea.

Kijana Pritt alikuwa mfuasi wa chama cha Conservative. Baadaye akahamia Liberal, kisha Labour, na kila hatua ilimsogeza zaidi upande wa kushoto. Alikuwa mbunge wa Hammersmith North kuanzia mwaka 1935. Mwaka 1940 Labour ilimfukuza kwa sababu aliunga mkono Umoja wa Kisovyeti ulipoivamia Finland. Wapiga kura wake walimrudisha bungeni mwaka 1945 akiwa mgombea huru, lakini alishindwa katika uchaguzi wa 1950.

Kesi za kisiasa kabla ya Afrika

Mwaka 1932 Pritt alimwakilisha Ho Chi Minh, mpigania uhuru wa Vietnam, ambaye alikuwa amekamatwa Hong Kong mwaka uliotangulia. Wafaransa walikuwa wakimsubiri kwa hamu. Rufaa ilipofika London, pande mbili zilipatana nje ya mahakama, na Ho hakupelekwa katika ardhi ya Ufaransa. Mwaka 1933 Pritt aliongoza tume ya wanasheria wa nchi mbalimbali iliyokutana London kuchunguza moto ulioteketeza bunge la Ujerumani. Mwaka 1934 aliwatetea Tom Mann na Harry Pollitt waliposhtakiwa kwa uchochezi, wakaachiwa huru.

Sifa hizo zina doa kubwa. Agosti 1936 Pritt alihudhuria kesi ya Zinoviev, Kamenev na wenzao huko Moscow. Washtakiwa wote 16 walihukumiwa kifo, na ushahidi dhidi yao ulikuwa hasa maungamo yao wenyewe. Pritt aliandika kijitabu kuutetea uendeshaji wa kesi hiyo. Mwaka 1988 mamlaka za Kisovyeti zenyewe zilifuta hukumu hizo. Ni vigumu kueleza ilikuwaje wakili aliyekuwa mkali kwa ushahidi wa serikali ya kikoloni akawa mpole kiasi hicho kwa waendesha mashtaka wa Stalin. Wapo wanaosema itikadi ilimfumba macho, na hakuna jibu jepesi la kumtetea. Mwaka 1954 Umoja wa Kisovyeti ulimpa Tuzo ya Amani ya Stalin.

Kesi ya Kapenguria

Usiku wa 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi wa Kenya African Union (KAU). Waliofikishwa mahakamani walikuwa sita: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Shtaka kuu lilikuwa kuendesha chama haramu, yaani Mau Mau.

Serikali haikutaka kesi isikilizwe Nairobi. Ilichagua Kapenguria, mji mdogo wa mbali kaskazini-magharibi mwa nchi. Ili sheria ikubali mahali hapo, washtakiwa walisafirishwa hadi huko, wakaachiwa, na papo hapo wakakamatwa upya. Mahakama iliwekwa katika jengo la shule. Baraza la wazee wa mahakama halikuwepo: aliyeamua kila kitu alikuwa mtu mmoja, Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyeteuliwa kuwa hakimu kwa ajili ya kesi hiyo. Miaka mingi baadaye ilijulikana kwamba alilipwa pauni 20,000 na serikali mbali na stahili zake za kawaida.

Pritt alikubali kuongoza utetezi. Pamoja naye walikuwepo Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili Tanganyika, H. O. Davies kutoka Nigeria. Chaman Lall kutoka India. Na mawakili wa Kenya wenye asili ya Kiasia, A. R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Jopo la namna hiyo, lenye watu wa mabara manne, halikuwa jambo la kawaida katika Kenya ya wakati ule. Halikupendeza pia. Mawakili walilazimika kulala Kitale, yapata kilomita 40 kutoka mahakamani, na kwa sababu ya ubaguzi wa rangi hawakuweza kukaa hoteli moja wala kula pamoja hotelini. Kapenguria hapakuwa na maktaba ya sheria.

Mwanzoni mwa kesi Pritt alituma simu ya maandishi kwa wabunge huko London, akilalamika kwamba vikwazo walivyowekewa mawakili vilikuwa sawa na kuwanyima washtakiwa haki. Thacker alikasirika. Akasimamisha kesi, na Pritt akashtakiwa kwa kudharau mahakama. Kwa muda kidogo wakili akawa yeye mshtakiwa, na kama angepatikana na hatia, utetezi ungepoteza kiongozi wake kabla kazi haijaanza vizuri. Mahakama Kuu mjini Nairobi ilimwona hana hatia, akarudi Kapenguria.

Utetezi ulipinga pia mkalimani. Serikali ilikuwa imemweka Louis Leakey, mwanaakiolojia aliyekulia miongoni mwa Wakikuyu na kukijua Kikikuyu vizuri. Ufasaha wake haukuwa na shaka, lakini alikuwa ameandika juu ya Mau Mau na alijulikana yuko upande gani. Baada ya malalamiko ya Pritt, Leakey alijiondoa.

Shahidi muhimu wa upande wa mashtaka alikuwa Rawson Macharia. Alidai kwamba Machi 1950 alimwona Kenyatta akiwalisha watu kiapo. Pritt alimbana kwa maswali ya dodoso, kisha utetezi ukaleta mashahidi kadhaa waliosema tukio hilo halikutokea. Thacker alimwamini Macharia na kuwakataa wale wengine. Upande wa mashtaka ulipomaliza kutoa ushahidi wake, Januari 1953, Pritt aliomba mahakama iamue kwamba washtakiwa hawana kesi ya kujibu. Ombi hilo lilikataliwa, na Kenyatta akapanda kizimbani kujitetea.

Hoja ya msingi ya Pritt ilikuwa kwamba KAU kilikuwa chama halali cha siasa, chenye wanachama, mikutano ya hadhara na madai yanayojulikana ya ardhi na uwakilishi, na kwamba serikali ilikuwa ikijaribu kukichanganya na Mau Mau ili kukiua. Alionyesha pia udhaifu wa kumshtaki Oneko, Mjaluo asiyejua Kikikuyu, kwa kuendesha chama ambacho viapo vyake vilikuwa kwa Kikikuyu.

Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walitiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Rufaa

Wakili anayejua kwamba hakimu hatamsikiliza huandaa kesi kwa ajili ya wale watakaosoma kumbukumbu baadaye. Pritt alifanya hivyo tangu siku ya kwanza: kila pingamizi lilitolewa kwa sauti na kuandikwa. Moja lilikaribia kuiangusha kesi yote. Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa Jimbo la Kaskazini, ilhali Kapenguria ilikuwa katika Jimbo la Bonde la Ufa. Julai 1953 Mahakama Kuu ya Kenya ilikubali kwamba hakuwa na mamlaka mahali hapo, na ikaamuru kesi isikilizwe upya. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikaubatilisha uamuzi huo. Januari 1954 rufaa za watano zilikataliwa. Ya Oneko ilikubaliwa, lakini serikali ilimweka kizuizini vivyo hivyo. Baraza la Faragha la Malkia huko London, lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, lilikataa kuisikiliza kesi.

Mwishoni mwa mwaka 1958 Macharia alitoa hati ya kiapo akisema ushahidi wake ulikuwa wa uongo na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza na kazi serikalini atakaporudi. Hakushtakiwa kwa uongo wa Kapenguria. Alishtakiwa kwa hati hiyo mpya, akafungwa. Maswali ambayo Pritt alimuuliza miaka sita nyuma yalipata uzito mwingine. Kenyatta aliachiwa huru Agosti 1961.

Singapore

Agosti 1954 Pritt alikwenda Singapore kuwatetea wanafunzi wanane wa chuo kikuu walioshtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya makala katika jarida lao, Fajar. Msaidizi wake alikuwa wakili kijana, Lee Kuan Yew, ambaye miaka mitano baadaye alikuwa waziri mkuu. Wanafunzi waliachiwa bila hata kutakiwa kujitetea.

Kesi ya Nyerere

Mwaka 1958 Nyerere, rais wa TANU, aliandika katika jarida la chama, Sauti ya TANU, makala iliyowashutumu wakuu wa wilaya wa kikoloni kwa kuwaonea wananchi. Serikali ya Tanganyika ilimshtaki kwa kashfa ya jinai. Katika kosa hilo haitoshi mshtakiwa kuthibitisha kwamba alichoandika ni kweli. Lazima pia aonyeshe kwamba kukichapisha kulikuwa kwa manufaa ya umma.

Wakati ulikuwa mbaya kwa TANU. Januari mwaka ule, katika mkutano wa Tabora, chama kilikuwa kimeamua baada ya mabishano makali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, na uchaguzi wenyewe ulipangwa kuanza Septemba. Kiongozi akifungwa Julai au Agosti, wale waliotaka kususia wangepata nguvu, na wengine wangeweza kuingia mitaani.

Pritt alikuja Dar es Salaam kuongoza utetezi akiwa na M. N. Rattansey na K. L. Jhaveri. Watu wengi walifurika nje ya mahakama. Nyerere hakujificha nyuma ya mtu; alikubali kwamba makala ilikuwa yake. Agosti alitiwa hatiani kwa mashtaka mawili. Adhabu ilikuwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Wapo waliotaka achague jela, wakiamini kwamba jela ingemjengea jina. Nyerere alilipa faini, kwa michango ya wanachama, akarudi kwenye kampeni. TANU ilishinda uchaguzi.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1965 na 1966 Pritt alikuwa profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Ghana. Miaka hiyohiyo alichapisha kumbukumbu za maisha yake katika vitabu vitatu. Cha mwisho, The Defence Accuses, kinaeleza kesi zake, Kapenguria ikiwemo. Alifariki nyumbani kwake Pamber Heath, Hampshire, akiwa na umri wa miaka 84. Jijini Nairobi ipo barabara yenye jina lake, ingawa kwenye vibao na ramani jina la kwanza huandikwa Dennis, kwa n mbili.