Mwanafunzi Aliyerudishwa Nyumbani

Barua ya mkuu wa shule imtakayo mzazi aje kumchukua mwanawe ni barua nzito, na katika jamaa zetu za kikristo wako wengi waliokwisha kuipokea. Twajua jinsi inavyosomwa. Mama hulia, baba hukasirika, na kijana husimama mlangoni na sanduku lake asijue kama aingie au akae nje. Kwa ajili ya jamaa hizo tunapenda leo kusimulia habari za mwanafunzi mmoja aliyeondolewa katika shule ya bweni huko Paris, mwezi wa Machi mwaka 1876. Jina lake ni Charles de Foucauld.

Alizaliwa Strasbourg, nchini Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1858, katika ukoo wa kale wenye cheo na mali. Alikuwa hajatimiza miaka 6 mama yake alipofariki, Machi 1864. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule akafariki na baba yake. Charles na dada yake mdogo, Marie, wakachukuliwa na babu yao mzaa mama, Kanali de Morlet, askari mstaafu. Mzee huyo aliwahi kuamuru askari, lakini kwa mjukuu wake yatima hakuwa na amri. Alimpenda kupita kiasi, na mtoto alilijua jambo hilo mapema, kama watoto wote wanavyolijua.

Vita vya mwaka 1870 viliwatoa kwao, wakahamia mji wa Nancy. Huko Charles alipokea Komunyo ya Kwanza, tarehe 28 Aprili 1872, kwa ibada ya kweli. Binamu yake, Marie Moitessier, aliyemzidi umri kwa miaka 8, alimpa siku hiyo kitabu cha Askofu Bossuet kihusucho mafumbo ya dini yetu. Tunawaomba wasomaji wakikumbuke kitabu hicho.

Haikupita miaka mitatu, imani ikamtoka. Alikuwa akisoma katika shule ya serikali, na kila kitabu kilichomjia mkononi alikisoma bila kiongozi. Baadaye alipokuwa mtu mzima alishuhudia kwamba walimu wake wa Nancy hawakuwa watu wabaya. Waliiheshimu dini, lakini walisimama kando yake, wala hawakuonyesha wanasadiki nini. Ushuhuda huu ungefaa kusomwa na kila mwalimu mkatoliki anayedhani kwamba kunyamaza si kufundisha.

Mwaka 1874 babu alimpeleka Paris, katika shule ya Mtakatifu Genoveva ya mapadre Wajesuiti, iliyowatayarisha vijana kwa mtihani wa chuo cha maofisa wa jeshi, Saint-Cyr. Ilikuwa shule njema, yenye sheria kali na walimu hodari. Charles aliichukia. Alimwandikia babu yake barua ndefu akimsihi amrudishe Nancy, na babu, safari hii tu, alikataa. Kijana akafaulu mtihani wake wa mwaka 1875, kisha akaacha kujitahidi. Alilala juu ya vitabu, akavunja sheria, akawa mnene na mvivu, hata mapadre wakamwondoa. Alikuwa na umri wa miaka 17.

Hatuwalaumu mapadre wale. Mwenye kulinda vijana wengi hana budi mara nyingine kumtoa mmoja. Wala Charles mwenyewe hakuwanung'unikia. Alipokwisha kuwa padre aliandika kwamba shule ya bweni huwafaa wengi, ila kwake yeye ilikuwa mbaya. Na hapo hapo akakiri kwamba hajui kama uhuru ungalimfaa zaidi.

Babu alifanya nini? Alimpokea. Akamtafutia mwalimu wa kumfundisha nyumbani, na mwezi wa Juni mwaka ule ule kijana aliyefukuzwa akaingia Saint-Cyr, akiwa wa 82 kati ya 412 waliokubaliwa. Tungependa kusema kwamba toka hapo alitengenea. Sivyo. Alipotimiza miaka 20 aliupata urithi wake, akautapanya kwa karamu na anasa. Katika chuo cha wapanda farasi cha Saumur alitoka wa mwisho, wa 87 kati ya 87. Huko Algeria aliishi na mwanamke asiye mke wake, akakataa kumwacha, na mwaka 1881 jeshi likamsimamisha. Jamaa yake ikalazimika kwenda mahakamani ili mali yake iwekewe msimamizi.

Lakini aliposikia kwamba wenzake wanakwenda vitani aliomba kurudishwa kikosini, akavumilia kiu na uchovu bila kulalamika. Kisha akajiuzulu, na katika miaka ya 1883 na 1884 akaitembea Moroko, nchi iliyokuwa hatari kwa wazungu, akiwa amevaa kama mwalimu wa kiyahudi. Chama cha Jiografia cha Paris kilimpa nishani ya dhahabu. Safarini humo aliwaona Waislamu wakisali kila siku mbele ya Mungu, na moyo wake ukaanza kufadhaika.

Aliporudi Paris, shangazi yake, Bibi Moitessier, na binamu yake Marie, aliyekuwa ameolewa tayari, walimfungulia nyumba yao. Walikuwa na mengi ya kumkumbusha, lakini hawakumkumbusha hata moja. Walikula naye, wakazungumza naye, wakaenda Misa. Charles akakifungua tena kitabu cha Bossuet. Akaanza kuingia makanisani peke yake, akimwomba Mungu ambaye hakumsadiki kwamba, kama yuko, amjulishe. Mwisho wa Oktoba 1886 alimwendea Padre Huvelin katika kanisa la Mtakatifu Augustino, akataka afundishwe dini. Padre akamwambia apige magoti na kuungama. Aliungama, na asubuhi ile ile akapokea Ekaristi Takatifu.

Yaliyofuata yanajulikana na wengi: utawa wa Watrapisti mwaka 1890, utumishi katika bustani ya watawa wa Nazareti, upadre mwaka 1901, na miaka ya jangwani kati ya Watuareg, ambao alijifunza lugha yao na kuiandikia kamusi. Mwaka 1908 alipougua karibu kufa, majirani hao maskini, katika ukame mkali, walimtafutia maziwa ya mbuzi wakamponya. Aliuawa kwa risasi huko Tamanrasset tarehe 1 Desemba 1916, na Baba Mtakatifu Fransisko akamtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022.

Kanali de Morlet hakuyaona hata moja katika hayo. Alifariki Februari 1878, na mjukuu wake alikuwa mwanafunzi wa Saint-Cyr mwenye miaka 19, mnene, mvivu, asiyesali.