Wang Weiyi, mtabibu aliyewatahini wanafunzi kwa mtu wa shaba

MWANARIADHA wa Eldoret anayelala kifudifudi ili achomwe sindano za kulegeza misuli ya mgongo huenda hajui kwamba, katika baadhi ya sehemu, pafu lake limo sentimita moja au mbili tu chini ya ngozi. Kwa mtu mwembamba huwa karibu zaidi. Sindano ikizama mno, hewa huvuja kifuani, pafu likasinyaa na mgonjwa akaanza kutweta.

Hatari hiyo ni ya kale. Vitabu vya kwanza vya tiba ya sindano nchini Uchina vilionya kwamba atakayechomwa pafu atafariki baada ya siku chache. Hata hivyo, vitabu hivyo vilinakiliwa kwa karne nyingi na makosa yakarundikana, hata matabibu wakahitilafiana kuhusu mahali pa kuchoma.

Kazi ya kusahihisha ilimwangukia Wang Weiyi, aliyezaliwa yapata mwaka 987 na kuhudumu kama tabibu katika jumba la mfalme Renzong wa nasaba ya Song. Mwaka 1026 alikamilisha kitabu kilichotaja mahali pa kila nukta na kina cha sindano. Kifuani kina hicho kwa kawaida kilikuwa kidogo kuliko tumboni. Maandishi hayo yakachongwa kwenye mawe mjini Kaifeng, asiwepo wa kuyageuza.

Mwaka uliofuata zikawa tayari sanamu mbili za shaba zenye kimo cha mtu mzima, zilizotobolewa matundu kwenye nukta na kuwekwa viungo vya ndani. Inasimuliwa kuwa wakati wa mtihani sanamu ilipakwa nta na kujazwa maji au zebaki. Mwanafunzi aliyelenga sawasawa aliona kioevu kikichuruzika. Aliyekosea, sindano yake iligonga shaba.

Ulikuwa mtihani mkali, ingawa wenye upungufu: ulipima mahali kuliko kina. Shaba haina mnene wala mwembamba.

Wang alifariki mwaka 1067. Kaifeng ilitekwa mwaka 1127, na hatimaye sanamu zote mbili zikapotea. Mawe nayo yalihamishiwa Beijing, ambako katika karne ya 15 yalivunjwa yakajengewa ukuta wa mji. Ukuta huo ulipobomolewa kuanzia miaka ya 1960, vipande vyake vikafukuliwa, maandishi ya Wang yakiwa yangali yanasomeka.